Siku Tulipozungusha Gurudumu kwa Mikono

Mwanangu Chebet,

Habari za kufua nguo, kuweka pesa na kuchagua marafiki ameshakupa shangazi yako Leah, na nilivyomsikia leo jikoni, hakubakisha kitu. Kama kuna alichosahau, utajifunza huko chuoni Embu kama wanavyojifunza wenzako. Mimi nina jambo moja tu. Jumamosi uliniuliza swali na nikakujibu vibaya, na sitaki uondoke na jibu lile.

Tulikuwa Litein, tumetoka kununua sanduku lako. Tulipopita nyuma ya soko, ukasimama kutazama ule msingi wa saruji uliomezwa na nyasi, pale ambapo sasa jamaa wa mbao ameegemeza mbao zake. Ukasema, "Baba, lile gurudumu la bembea la Gathogo lilienda wapi?" Nami nikasema, "Liliuzwa. Vilikuwa vyuma tu. Twende, mvua inakuja."

Mvua haikuwa inakuja. Ulinitazama, ukajitwika sanduku lako, ukatangulia mpaka nyumbani. Nilikuwa nyuma yako njia nzima nikitazama mgongo wako. Unatembea kama mama yako alivyokuwa akitembea akikasirika, bega moja juu.

Havikuwa vyuma tu, Chebet. Acha nikueleze.

Wewe unamkumbuka Mzee Gathogo akiwa na mvi na kofia yake ya sufi. Mimi nilimjua alipokuwa bado na nguvu. Alikuja Litein kutoka upande wa Nyeri akiwa kijana, akafungua mashine ya kusaga mahindi, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa akipunja unga. Kisha siku moja lori likamletea mzigo wa ajabu: vyuma virefu vilivyopakwa rangi nyekundu na manjano, viti vya bati, na farasi wa mbao waliolazwa juu ya majani makavu kama wagonjwa. Alikuwa amevinunua kwa Mhindi mmoja wa Kisumu aliyekuwa akifunga biashara yake. Wazee waliozunguka lile lori walidhani tunaletewa kiwanda kingine cha chai. Mmoja alimuuliza, "Hii itakausha majani kiasi gani?" Gathogo akajibu, "Hii haikaushi chochote, mzee. Hii ni ya kufurahi." Yule mzee akatikisa kichwa akaenda zake. Kufurahi kwa kutumia lori zima!

Mimi nilikuwa nimewahi kufanya kazi ya kibarua kiwandani, nikajifunza injini kidogo. Gathogo akaniajiri nimsaidie kuisimamisha mitambo, halafu akaniacha hapo hapo niwe mtu wa injini. Ile injini ya dizeli siku za juma ilisaga mahindi, na Jumapili baada ya ibada tulihamisha mkanda wake, ikazungusha lile gurudumu refu la viti na duara la farasi. Wanawake walikuwa wakisema kwamba watoto wao wanapanda unga.

Watoto wetu hawakuwa wamewahi kuona farasi. Walikuwa wakija na sarafu mkononi wakisema, "Nataka punda." Gathogo alikasirika kila mara. "Si punda! Ni farasi! Mnaona masikio hayo?" Aliwauliza hivyo miaka yote, na mpaka mwisho watoto waliita punda.

Kwenye kibanda cha tiketi aliajiri msichana kutoka Kapkatet, jina lake Rael. Mama yako. Mimi niliingia bure kwa sababu nilikuwa mfanyakazi, lakini Jumapili ya pili nilipanga foleni na watoto, nikafika dirishani, nikaweka pesa.

"Wewe si ndiye wa injini?" akaniuliza.

"Ndiyo mimi."

"Sasa unalipa ya nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri tangu Ijumaa, yote yakanitoroka. Nikasema, "Nataka tu kupewa tiketi."

Alicheka mpaka Gathogo akatoka mashineni kuuliza kumetokea nini. Kicheko cha mama yako unakijua. Kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Nilirudi kwenye injini na ile tiketi mfukoni, na nilipomwoa, Gathogo alisimama mbele ya watu akasema kwamba mimi ndiye mteja pekee aliyelipa mara moja akapanda maisha yake yote. Watu walipiga makofi. Ni vile hakujua kwamba maisha ya Rael yangekuwa mafupi.

Baada ya wewe kuzaliwa, mama yako aliendelea kukata tiketi siku za Jumapili na likizo. Krismasi ndiyo ilikuwa kubwa. Watu walikuja kutoka Kapkatet, kutoka Sosiot, wachumaji wa mashamba makubwa wakaja na watoto waliovaa viatu vipya vinavyowabana. Wapo walioweka viatu mkononi ili wapande farasi vizuri. Gathogo aliweka kaseti, na mke wake alikaanga maandazi pale karibu na lango, na hakuna aliyekuwa akiuliza mwenzake ametoka wapi. Nilidhani hivyo ndivyo dunia ilivyo. Nilidhani imekwisha kutengenezwa, na kazi yangu ni kuitilia mafuta tu.

Ile siku ya mvua ya mawe sidhani umeisahau. Ulikuwa umeanza shule juzi juzi. Wewe na mama yako mlikuwa juu kabisa mawe yalipoanza, na mkanda ukalowa ukateleza, gurudumu likakwama. Nilikuwa chini nikivuta ule mkanda kama mwendawazimu, mikono inatoka damu, na sikusikia kitu isipokuwa mawe juu ya mabati. Mama yako alikulaza magotini akakufunika kwa mgongo wake. Nilipowashusha, mgongo wake ulikuwa na alama kila mahali, nawe ulikuwa mkavu, tena unacheka. Ulisema, "Mama, tena!" Yule mwanamke akanigeukia, nywele zimejaa barafu, akasema, "Umesikia mtoto? Washa injini." Mawe yale yaliharibu majani ya chai kilima kizima, na tulikaa wiki nyingi bila kuchuma. Lakini nikikumbuka siku ile sikumbuki chai.

Kisha ukaja ule mwaka wa maneno ya kabila. Ulikuwa mkubwa kidogo, uliona watu wakihama na vitanda juu ya mikokoteni, ingawa tulikuwa tukikuambia wanaenda kutembelea jamaa. Litein yetu haikuungua kama sehemu nyingine, lakini hofu haihitaji moto. Jumapili moja nilifungua lango, nikawasha injini, na hakuja mtu. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Gurudumu lilizunguka na viti vitupu, mama yako kibandani na bunda la tiketi mbele yake. Gathogo akaja akaniambia, "Zima. Watu wakiogopana hawawezi kupanda bembea."

Palikuwa na mkutano sokoni. Mtu mmoja, namwacha bila jina kwa sababu bado tunasali naye, alisimama akasema wageni warudi kwao. Wengine wakaguna, wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nilimjua Gathogo kuliko wote waliokuwapo. Nilitazama viatu vyangu mpaka mkutano ukaisha. Siku chache baadaye alifunga mashine, akauza injini, akampeleka mke wake Nakuru kwa dada yake. Asubuhi ya kuondoka alinipa ufunguo wa lango. Nikamwambia, "Mzee, pale mkutanoni..." Akanikatiza. "Angalia farasi wasinyeshewe," akasema. Ni hilo tu.

Niliwafunika farasi kwa maturubai. Ndiyo kazi niliyoiweza.

Haukupita mwaka mama yako akaanza kuumwa tumbo. Tulidhani ni vidonda. Tulipokwenda hospitali, daktari alinikalisha pembeni, akaniambia kwa upole kwamba ni uvimbe, na kwamba umeenea mahali ambapo kisu hakiwezi kuufuata. Nilirudi kwa mama yako kwenye benchi. Akanitazama mara moja tu, akasema, "Basi usiniambie. Nimeona." Tukaenda nyumbani.

Sasa nafika mahali pagumu. Ulikuwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyeamua uende ukakae kwa bibi yako Sosiot. Wewe umeamini miaka yote hii kwamba ni mama aliyetaka uende, kwa sababu nilikuambia, "Mama anahitaji kupumzika." Si kweli. Mama yako alikataa. Alisema, "Mtoto akae hapa. Aone. Akiona atajua." Mimi nikasema mtoto hafai kuona vitu vile, atapata ndoto mbaya, ataanguka shuleni. Tulibishana siku mbili, naye hakuwa na nguvu za kubishana siku ya tatu. Nilikupeleka mwenyewe, na ulinishika koti pale kwa bibi yako, nikalitoa kwenye vidole vyako kidole kimoja kimoja. Sikulia. Nilijiona mwanamume.

Ikawa siku moja nimetoka kupeleka majani, nikasikia kwamba Gathogo amerudi na mafundi wa kukata vyuma kutoka Kisumu. Alikuwa ameuza gurudumu kwa watu wa vyuma chakavu. Nilimwambia mama yako kama habari ya kawaida tu, nikimkorogea uji. Akaweka kikombe chini.

"Wanalikata lini?"

"Kesho."

"Nipeleke."

"Mama Chebet, huwezi hata kufika mlangoni."

"Sikukuuliza kama naweza. Nimesema nipeleke. Nataka kupanda."

Nilimweleza kwamba injini haipo. Nikamweleza kwamba kuna baridi. Nikasema watu watatucheka, mgonjwa wa kitandani kupelekwa bembea kama mtoto. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Baba Chebet, wewe uliwahi kulipa pesa ili upewe tiketi tu. Watu walicheka. Ulikufa?"

Asubuhi nilimfunga blanketi, nikamkalisha nyuma ya baiskeli, nikamfunga kwenye kiti kwa leso ili asianguke. Sikupanda, nilisukuma. Alikuwa mwepesi mpaka nikawa nageuka kuangalia kama bado yupo. Njiani wachumaji walisimama kwenye mistari ya chai wakatusalimu, naye akawapungia mkono kama mtu anayeenda arusini.

Tulipofika, Gathogo alikuwa amesimama karibu na gurudumu, na mafundi wawili walikuwa wanafungua mitungi yao ya gesi. Alimwona Rael, akavua kofia. Alikuwa hajasikia kwamba ni mgonjwa.

"Haiya, Mama Chebet," alisema.

"Mzee, nimekuja kupanda," akasema mama yako. "Na leo silipi."

Gathogo akawageukia mafundi. Yule mkubwa wao, mtu wa makamo anayeitwa Ochieng, akasema, "Lakini mzee, tumeitwa kukata, hatukuitwa kuzungusha. Na hiki kitu kimeshika kutu."

"Huyu mama alikaa pale dirishani miaka yote," Gathogo akamwambia. "Kila mtoto wa hapa alipita mkononi mwake."

Ochieng alimtazama mama yako kwa muda. Sijui aliona nini, labda na yeye alikuwa na mtu wake. Akaenda kwenye begi lake, akatoa mkebe wa grisi, akapanda kwenye ekseli, ule mhimili wa katikati, akaanza kupaka.

Tulimbeba Rael, nikamkalisha kwenye kiti, nikafunga mnyororo. Nikataka kukaa naye. Akasema, "Wewe ni mtu wa injini. Kaa kwenye kazi yako." Basi tukashika vyuma, mimi na Gathogo upande mmoja, mafundi upande wa pili, tukavuta. Mwanzo halikusogea. Tukavuta tena, likatoa mlio kama ng'ombe anayezaa, na kutu ikatudondokea vichwani, kisha likaenda. Kiti cha mama yako kikainuka. Hatukuwa tukienda haraka. Kila tulipofikisha chuma chini tulishika kingine, kama watu wanaovuta kamba kisimani. Gathogo alikuwa akihema, nikamwambia apumzike, akakataa kwa kichwa. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kugusana mabega, na ndipo hatimaye nikamwambia, "Ule mkutano, nilipaswa kusimama." Akasema bila kunitazama, "Vuta."

Watu walianza kukusanyika kutoka sokoni. Nilikuwa nikiogopa kicheko chao. Hakuna aliyecheka. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi walisimama na aproni zao wakatazama juu. Mmoja akaacha mzigo wake akaja akashika chuma, kisha mwingine, na hawakuuliza gurudumu ni la nani.

Alipofika juu kabisa mama yako alipiga kelele, "Simameni!" Tukashikilia. Uso wake ulikuwa mdogo kule juu ndani ya blanketi. Siku ile hakukuwa na ukungu, na vilima vya chai vilionekana mpaka mbali.

"Baba Chebet!" akaita. "Sosiot ni upande gani?"

Nilinyoosha mkono, nikaonyesha. Akageuka akatazama huko. Tulishikilia vyuma kwa nguvu, na Ochieng akaanza kunong'ona maneno ya kwao, nadhani alikuwa anaomba. Kisha nikamsikia akiita jina lako. Hakuita kwa huzuni. Aliita vile alivyokuwa akikuita jioni uje ule. "Chebet! Weee, Chebet!" Mara mbili. Akasikiliza kama anayengoja kuitikiwa. Kisha akasema, "Sasa nishusheni."

Nilipokuwa nikimfungulia mnyororo aliniambia, "Ningependa angekuwa hapa." Nikamjibu, "Likizo iko karibu. Atakuja." Akanishika shavu. Alijua, na alijua kwamba na mimi najua, lakini aliniachia uwongo wangu kwa sababu aliona sina kitu kingine cha kushika. Sosiot si mbali, mwanangu. Ningepanda baiskeli ile ile nikakuleta kabla ya jioni. Nimeisafiri njia hiyo kichwani mwangu mara nyingi kuliko njia ya kanisani.

Siku ile hawakulikata; walilikata siku iliyofuata. Gathogo alikaa juu ya jiwe akatazama mpaka kipande cha mwisho kikapakiwa. Farasi hawakutakiwa na watu wa vyuma, akawagawa kwa waliotaka. Tulishikana mikono, akaenda zake Nakuru, na baadaye nikasikia amefariki huko. Sikwenda kumzika. Nilisema ni wakati wa kuchuma.

Mama yako alifariki kabla ya shule kufungwa. Ulikuja ukakuta jeneza limefunikwa. Uliniuliza, "Aliniita?" Nikasema, "Alilala tu, hakusema kitu." Nilidhani nakupunguzia. Nilikuona ukiingia chumbani kwako na ukatoka mtu mwingine. Tangu siku hiyo umenitii kwa kila kitu, umenipikia, umefua, umefaulu mitihani, na hujawahi tena kunishika koti.

Alikuita, Chebet. Alikuita kutoka mahali pa juu kuliko pote alipopata kufika, mbele ya soko zima. Wale wanawake wa viazi wapo hadi leo, waulize. Nilikunyima sauti ile miaka yote kwa sababu kukueleza kungenilazimu kukueleza pia ni nani aliyekuweka mbali isikufikie.

Sikuandiki ili unisamehe kabla hujafunga sanduku. Chukua muda wako. Ukikasirika, kasirika ukiwa mbali, ni vizuri zaidi, utapiga ukuta wa chuo badala ya kunyamaza hapa na mimi tukipeana chumvi mezani. Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia. Nilidhani mtu anayependwa hufichwa maumivu, kama farasi wale niliowafunika maturubai. Tulipowafunua ili wagawiwe, walikuwa wameanza kuoza, kwa taarifa yako. Unyevu uliingia tangu mwanzo, na mimi sikuwa nikifunua kuangalia.

Kwa hiyo nakuahidi kitu. Leah ataniambia nisiahidi mambo ya namna hii usiku wa kuamkia safari, lakini yeye hatasoma. Siku nitakayougua, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Sitasema ni mafua kama si mafua. Sitangoja mitihani iishe. Nitakuambia ugonjwa kwa jina lake, na wewe ndiye utakayeamua kama utakuja au utabaki, na ukija utaingia chumbani nilimolala, mlango wazi, uone kila kitu. Nawe nifanyie hivyo hivyo. Ukiwa na njaa, sema njaa. Ukikosea, sema umekosea, hata kama ni kosa la aina ile ambayo Leah ametumia saa nzima kukuonya. Nitakuja. Nimeshajua kusukuma baiskeli umbali mrefu.

Asubuhi nitakuamsha. Ukiwa umesoma barua hii kabla ya chai, usiseme kitu kama huwezi. Nishike tu koti.

Baba yako